Mtoto akizimia akikimbia, usiseme ni njaa tu

KATIKA shule zetu, mwanafunzi akianguka uwanjani na kupoteza fahamu, sababu huwa imepatikana hata kabla hajafumbua macho. Mwalimu wa zamu atasema hakunywa chai asubuhi. Wenzake watasema ni jua kali. Nyanya akipata habari atashuku kuna mkono wa mtu. Naye kocha, ikiwa ni mtu wa maneno makali, atasema huyo ni mvivu anayetafuta njia ya kukwepa mazoezi. Mtoto atamwagiwa maji usoni, atanunuliwa soda, na kesho yake atarudishwa uwanjani.

Mara nyingi mambo huishia hapo na hakuna linaloharibika. Lakini msomaji, yako maradhi machache ambayo hutoa onyo mara moja au mbili tu, na onyo lenyewe ni hilo la mtu kuzimia akiwa mbioni. Miongoni mwayo ni kasoro za kuzaliwa za mishipa inayoulisha moyo damu.

Ni kasoro adimu. Hata hivyo, kila mzazi na kila mwalimu wa michezo ana haja ya kuzifahamu, kwa sababu mwenye kasoro hiyo si lazima awe mtoto mnyonge anayekaa kando wenzake wakicheza. Huenda ndiye mwenye mbio kuliko wote darasani.

Bingwa aliyekosa mshipa

Wapenzi wa mpira wa vikapu bila shaka wamewahi kulisikia jina la Pete Maravich. Alizaliwa mwaka wa 1947 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na babake alikuwa kocha wa mchezo huo. Akiwa katika Chuo Kikuu cha Louisiana State, kati ya 1967 na 1970, kijana huyo alifunga pointi 3,667 katika misimu mitatu, yaani wastani wa pointi 44.2 kwa kila mchezo. Isitoshe, wakati huo hakukuwa na mstari wa pointi tatu. Rekodi hiyo ilikuwa bado inasimama upande wa wanaume zaidi ya miaka 50 baadaye.

Kutoka chuoni alijiunga na ligi ya kulipwa ya NBA, akacheza kwa miaka 10. Usiku mmoja mnamo Februari 1977, akiichezea New Orleans Jazz, aliwafunga New York Knicks pointi 68 peke yake. Aliustaafu mchezo mwaka wa 1980 kwa sababu ya maumivu ya goti, wala si moyo.

Mnamo Januari 5, 1988, Maravich alikuwa Pasadena, California, akicheza na marafiki katika ukumbi wa kanisa. Ulikuwa mchezo wa kujifurahisha tu. Walipopumzika kidogo aliwaambia wenzake kwamba anajisikia vizuri sana. Punde si punde alianguka, na hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Madaktari walipoupasua mwili wake walishangaa. Moyo wa binadamu hulishwa na mishipa miwili mikuu, wa kulia na wa kushoto. Maravich hakuwa na wa kushoto. Alizaliwa bila huo, na mshipa wa kulia ulikuwa umepanuka kupita kiasi ukifanya kazi ya wote wawili. Kwa mshipa huo mmoja alikuwa amekimbia maisha yake yote mbele ya maelfu ya mashabiki, na hakuna daktari wa timu aliyegundua.

Kuna jambo jingine linalowasisimua waandishi wa michezo hadi leo. Mnamo 1974, Maravich alimwambia mwanahabari mmoja kwamba hangependa kucheza NBA miaka 10 halafu afe kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 40. Hakujua lolote kuhusu mshipa wake. Ilitukia tu hivyo.

Moyo nao hula

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza tuelewe jinsi moyo unavyopata chakula chake. Watu wengi hudhani kwamba kwa vile moyo umejaa damu usiku na mchana, hauwezi kulala njaa. Sivyo. Moyo ni kama karani wa benki: hushika mamilioni kutwa nzima, lakini anachokula ni mshahara wake.

Mshahara wa moyo huletwa na mishipa ya koronari. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwani mishipa hiyo huuzunguka moyo mithili ya taji kichwani. Huchipuka kutoka kwa aota, ule mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini, mara tu baada ya aota kutoka moyoni. Wa kulia huchipuka upande wake na wa kushoto upande wake. Wa kushoto ndio wenye kazi kubwa zaidi, kwani hulisha sehemu kubwa ya chumba cha kushoto cha moyo, ambacho husukuma damu kutoka utosini hadi unyayoni.

Sasa zingatia mambo mawili. La kwanza, misuli ya moyo hufyonza karibu oksijeni yote inayoweza kufyonza hata mtu akiwa ameketi. Kwa hivyo akianza kukimbia, moyo hauna akiba ya kuchota. Njia yake ni moja tu, kuletewa damu zaidi, na kwa mtu anayejitahidi sana damu hiyo huongezeka mara nne au tano.

La pili, msuli wa moyo unapojikaza hujibana wenyewe na kuzuia damu kupita. Ndiposa chumba cha kushoto hupata mlo wake hasa katika ile nukta moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, nukta hizo hupungua. Yaani, moyo unapohitaji kula zaidi ndipo unapokosa muda wa kula.

Kwa mwenye mishipa ya kawaida, hili si tatizo, kwani hupanuka na kuruhusu damu nyingi ipite kwa muda mfupi. Kwa aliye na mshipa uliobanwa au uliokosa njia, hapo ndipo hatari inapoanza.

Mlango usio wake

Kasoro hizi huanza kabla mama hajaanza kuonekana ana mimba. Zamani wataalamu waliamini kwamba mishipa ya koronari huchipuka kutoka kwa aota kama tawi litokalo kwenye shina. Uchunguzi wa viinitete vya kuku na kware, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ulionyesha kinyume. Mishipa hiyo huanza kuota juu ya moyo wenyewe, kisha husonga kuelekea aota na kujitoboa humo. Kila mmoja una mlango wake. Mmoja ukiingilia mlango wa mwenzake, au ukaingia kwenye mshipa mwingine kabisa, mtoto huzaliwa na kasoro.

Hapa ni muhimu akina mama waelewe kwamba mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Si chakula ulichokula, si mzigo uliobeba, wala si laana ya ukoo.

Pia si kila kasoro ni ya kutisha. Mnamo 1990 madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya picha za mishipa ya moyo za wagonjwa 126,595. Kati ya hao, 1,686 walikuwa na mishipa iliyotofautiana na kawaida tangu kuzaliwa, ambao ni kama mtu mmoja katika kila 75. Lakini asilimia 81 ya kasoro hizo hazikuwa na madhara. Mtu huishi nazo, huzeeka nazo, na huzikwa nazo bila kujua.

Inayowahangaisha wataalamu zaidi ni ile ambapo mshipa wa kushoto huchipuka upande wa kulia wa aota. Ili ufike kwake, hulazimika kupita katikati ya mishipa miwili mikubwa, aota na ule uendao mapafuni. Aghalabu mdomo wake huwa mwembamba kama ufa badala ya kuwa mviringo, na mwanzo wake hupita ndani ya ukuta wa aota yenyewe. Mtu akitembea dukani, hakuna shida. Akikimbia, mishipa hiyo mikubwa hujaa na kutanuka, na mshipa mdogo ulio katikati hubanwa kama mtoto kwenye matatu iliyojaa. Mapigo ya moyo huvurugika na mtu huanguka.

Ipo pia kasoro ya mshipa wa kulia kuchipuka upande wa kushoto. Hiyo huonekana kwa watu wengi zaidi, lakini hatari yake ni ndogo.

Kunyonya ndiko kukimbia kwake

Kasoro ya tatu huwapata watoto wachanga. Hapa mshipa wa kushoto hauingii kwenye aota hata kidogo, bali huingia kwenye mshipa uendao mapafuni. Madaktari watatu wa Boston, Edward Bland, Paul Dudley White na Joseph Garland, waliieleza mwaka wa 1933 baada ya kumshughulikia mtoto wa miezi mitatu, na hadi leo huitwa kwa majina yao. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 300,000. Katika nchi kama Kenya, ambapo huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka, hesabu hiyo ina maana ya watoto watatu au zaidi kwa mwaka.

Mtoto huyu huzaliwa akiwa buheri wa afya, kwa sababu katika siku za kwanza msukumo wa damu kwenye mshipa wa mapafuni bado uko juu. Wiki zinapopita, msukumo huo hushuka kama ilivyo kawaida. Hapo damu huacha kwenda moyoni kupitia mshipa uliokosea mlango. Kibaya zaidi, damu inayoletwa na mshipa wa kulia kuja kusaidia hurudi nyuma na kumwagikia mapafuni, kama maji ya tangi yanayoishia kwenye bomba lililopasuka chini ilhali nyumba za juu zimekauka.

Dalili huanza akiwa na miezi miwili hivi au zaidi. Mtoto huanza kunyonya kwa hamu, halafu ghafla huacha, hulia kama anayesikia maumivu, huparara na kutokwa na jasho usoni. Hupumua kwa haraka na haongezeki uzani. Mama huambiwa ni tumbo linalomsokota, au ni kifua. Lakini kwa mtoto mchanga, kunyonya ndiko kukimbia kwake. Hana kazi nyingine ngumu kuliko hiyo, na moyo wenye njaa hujitambulisha wakati huo huo.

Bila matibabu, tisa kati ya kila watoto 10 wa aina hii hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wakifanyiwa upasuaji mapema, wengi hupona, na msuli wa moyo uliokuwa umelegea hurudia nguvu zake.

Vipimo vya kawaida hudanganya

Huenda msomaji unajiuliza, mbona wanamichezo hawa wasipimwe tu na kasoro zigunduliwe? Jibu lipo katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 na madaktari wa Italia na Marekani, wakiongozwa na Dkt Cristina Basso. Walikusanya habari za wanamichezo vijana 27 waliofariki ghafla kwa sababu ya mishipa iliyochipuka upande usiofaa. Kati yao, 25 walifariki wakiwa katikati ya jitihada kali na wawili mara tu baada yake.

Tisa kati yao walikuwa wamewahi kupimwa umeme wa moyo. Matokeo ya wote tisa yalikuwa ya kawaida. Sita walikuwa wamepimwa wakifanyishwa mazoezi makali, na wote sita walionekana wazima. Lakini 10 kati ya wale 27 walikuwa wametoa dalili kabla: kuzimia, au maumivu ya kifua, wakati wa mazoezi. Kwa vijana hao, mwili ulikuwa umesema jambo ambalo mashine haikusema.

Katika jeshi la Marekani nako, uchunguzi wa miaka 25 uliochapishwa mwaka wa 2004 uliwahusu makurutu milioni 6.3. Waliofariki ghafla bila kujeruhiwa walikuwa 126. Kati ya 64 ambao mioyo yao ilipatikana na hitilafu ya kimaumbile, 21 walikuwa na mshipa wa kushoto uliochipuka upande wa kulia na kupita katikati ya mishipa mikubwa. Hili ni jambo la kuzingatiwa na vijana wetu wanaokimbizwa kilomita nyingi wakati wa kuandikishwa polisi au jeshini, hasa aliyewahi kuanguka akijifua akanyamaza ili asikose nafasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lazima pia tuseme kwamba si kila mwanamichezo anayeanguka ana kasoro hii. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyefariki uwanjani Lyon, Ufaransa, mnamo Juni 26, 2003, alikuwa na maradhi mengine, ya msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi. Lakini onyo la kuzimia mbioni huweza kutolewa na yote mawili, na hiyo ni sababu zaidi ya kutolipuuza.

Namna ya kuigundua

Hadi mwaka wa 1958, haikuwa rahisi kuiona mishipa hii vizuri ndani ya mtu aliye hai. Mwaka huo, huko Cleveland, Dkt Mason Sones alikuwa akipiga picha moyo wa mgonjwa wakati mpira mwembamba wa kupitishia dawa ya rangi ulipoteleza na kuingia ndani ya mshipa wa kulia wa koronari. Sones alidhani amemuua mgonjwa wake. Moyo ulisimama kidogo, mgonjwa akaambiwa akohoe, nao ukaanza kupiga tena. Kutokana na ajali hiyo, madaktari walijua kwamba mshipa mmoja mmoja unaweza kujazwa rangi na kupigwa picha.

Siku hizi kuna njia zisizohitaji kuingiza mpira moyoni. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile wanachopimwa akina mama wajawazito, huweza kuonyesha mahali mishipa inapochipuka, mradi mpimaji aitafute. Picha za CT-skani au MRI huionyesha waziwazi zaidi. Ikibainika kuna hatari, mpasuaji huupanua mdomo wa mshipa au kuuhamishia mahali pake. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanywa hapa nchini katika hospitali kama Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek huko Bomet.

Mzazi na mwalimu wafanye nini?

Kwanza, tofautisheni aina za kuzimia. Mwanafunzi aliyesimama gwarideni kwa muda mrefu juani, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu kisha akaanguka, mara nyingi hana tatizo la moyo. Lakini anayeanguka katikati ya mbio, au punde tu baada ya kuzimaliza, huyo asirudishwe uwanjani hadi aonwe na daktari. Vivyo hivyo kwa anayelalamikia maumivu au kubanwa kifua akikimbia, hata kama yanaisha akipumzika.

Pili, mkifika hospitalini, semeni wazi alikuwa akifanya nini. Kusema "alizimia" ni nusu ya habari. Semeni "alizimia akiwa anakimbia." Neno hilo moja huweza kubadili vipimo atakavyoandikiwa. Mkiambiwa kipimo cha umeme wa moyo ni kizuri, ulizeni kwa heshima kama mishipa ya koronari imeangaliwa inapochipuka. Mwelezeni daktari pia ikiwa kuna jamaa aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Tatu, jifunzeni huduma ya kwanza. Mtu akianguka, asiitike wala asipumue kama kawaida, msimmwagie maji na msimnyanyue kumkimbiza garini huku dakika zikipita. Mmoja apige simu 999 au 112. Mwingine amlaze chali, aweke viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kiasi cha sentimita tano kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Palipo na mashine ya kuushtua moyo, iletwe mara moja. Kila shule yenye timu ingefaa iwe na walimu wawili au watatu wanaojua kazi hii.

Mwisho, msiwazuie watoto kucheza kwa hofu. Mazoezi ni dawa ya maradhi mengi, na wenye kasoro hizi ni wachache mno. Kinachotakiwa ni masikio. Dalili ya mvua ni mawingu, na mtoto anayesema kifua kinambana kila akikimbia ameshakuonyesha wingu. Mwite kando, mwulize lilianza lini, na umpeleke kwa daktari kabla ya mechi ijayo.